Namna ya Kudai Majibu Timu Yako Inapoboronga: Mwongozo kwa Mashabiki wa Nyanda za Juu Kusini

Timu inapopoteza mechi ya nne mfululizo, maneno huwa mengi kuanzia kijiwe cha bajaji pale Kabwe hadi kwenye vibanda vya mitumba vya Mwanjelwa, na mengi kati ya maneno hayo yana ukweli ndani yake: kocha anachelewa kubadilisha wachezaji, mshambuliaji hafungi, viongozi hawaonekani. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayamfikii mtu mwenye mamlaka ya kuamua jambo lolote, au humfikia yakiwa yamechanganyika na matusi kiasi cha kumpa sababu nzuri ya kuyapuuza. Mwongozo huu unaeleza namna mashabiki wa timu ya soka ya Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe wanavyoweza kuigeuza hasira yao kuwa hoja, kuifikisha kwa mhusika wakati bado kuna muda wa kuokoa msimu, na kuifuatilia hadi ijibiwe.

Mjue kwanza mwenye timu

Mashabiki wengi huanza kwa kumshambulia kocha, kwa sababu ndiye anayeonekana akisimama mstarini. Kocha hajiajiri, hajipangii bajeti, na mara nyingi hata orodha ya wachezaji waliosajiliwa huikuta mezani. Kabla ya kuandika au kusema chochote, jiulize ni nani anayelipa mishahara ya timu yako, kwa maana jibu la swali hilo ndilo litakaloamua mlango wa kugonga.

Katika kanda yetu ziko namna kadhaa za umiliki, na kila moja ina mlango wake. Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 na Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Timu inayoendeshwa kwa fedha za halmashauri ni timu ambayo mkazi wa kata yoyote ana haki ya kuiulizia, awe anaijua kanuni ya kuotea au haijui. Diwani wako anaweza kuulizwa. Baraza la Madiwani hukutana angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na wananchi wanaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Zaidi ya hapo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba taarifa kwa maandishi kutoka kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ni njia ambayo mashabiki wachache sana wameifikiria, ingawa ni rahisi kuliko kukodi basi la kwenda kulalamika Dar es Salaam.

Tanzania Prisons ni jambo tofauti. Ni timu ya Jeshi la Magereza. Shabiki wake wa Mbeya hana kadi ya kupigia kura wala diwani wa kumbana, kwa hiyo njia yake ni uongozi wa timu wenyewe, kupitia tawi la mashabiki linalotambuliwa, na lugha itakayosikilizwa huko ni ile inayofuata ngazi. Kupeleka barua moja kwa moja kwa mkuu wa jeshi huku ukimruka katibu wa timu kutaonekana utovu wa adabu, na hoja yenyewe, hata ikiwa nzito kiasi gani, itafia njiani.

Kwa klabu za wanachama, mlango ni katiba. Tafuta nakala yake, soma ibara zinazohusu mkutano mkuu na idadi ya wanachama wanaoweza kuitisha mkutano wa dharura, kisha hakikisha kadi yako imelipiwa. Inashangaza jinsi watu wanavyoweza kudai uongozi wote ujiuzulu huku wenyewe hawajalipa ada ya mwaka, na kiongozi mjanja huwanyamazisha kwa swali hilo moja.

Timu ya mtu binafsi ndiyo ngumu kuliko zote, na mfano wake tunao nyumbani. Ihefu ya Mbarali, iliyokuwa ikichezea uwanja wa Highland Estates, ndiyo iliyoifunga Yanga mabao 2-1 tarehe 29 Novemba 2022 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikuwa imepoteza. Mwaka 2024 timu hiyo ilikuwa imehamia Singida, na baadaye ikaitwa Singida Black Stars. Watu wa Ubaruku waliokuwa wakijaza uwanja ule hawakuwa na kikao cha kukataa uhamisho huo. Kwa timu ya namna hii shabiki hana haki ya kisheria ya kuamua, ana ushawishi tu, na ushawishi huo unatokana na viingilio, jezi zinazonunuliwa na sifa ya mmiliki mbele ya jamii. Hoja kwa mmiliki binafsi ni lazima imwoneshe anachopoteza yeye.

Andika unachokiona, mechi baada ya mechi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo matawi mengi yanaposhindwa. Kauli kama "timu haina morali" haiwezi kujibiwa kwa sababu haipimiki. Kauli kwamba katika mechi nane za karibuni timu imeruhusu mabao sita baada ya dakika ya 75 haikwepeki, kwa kuwa kila aliyeangalia mechi hizo anaweza kuihakiki.

Chukueni daftari moja la tawi na mteue watu wawili wa kulijaza, ili mmoja akikosekana au akizidiwa na jazba mwingine aendelee. Kwa kila mechi andikeni tarehe, uwanja, hali ya hewa na hali ya pichi, kikosi kilichoanza, dakika ya kila bao na namna lilivyopatikana (kona, mpira wa adhabu, penalti, kosa la beki, shambulizi la kushtukiza), dakika ya kila badiliko, na kadi. Mnaweza kuongeza idadi ya mashuti yaliyolenga goli, lakini msijitwishe mzigo wa takwimu nyingi msizoweza kuzikusanya kwa uaminifu kila wiki. Mechi za ugenini zirekodiwe kutoka kwenye televisheni pale zinapooneshwa, na ile ambayo hamkuiona iandikwe hivyo, kwamba haikuonwa, badala ya kujazwa kwa hadithi za aliyesikia redioni.

Baada ya mechi nane au kumi, anzeni kusoma mnachokiona, na mkisome kwa tahadhari. Mabao ya dakika za mwisho yanaweza kuwa dalili ya wachezaji kukosa pumzi, lakini pia yanaweza kutokana na mabadiliko yanayofanywa kwa kuchelewa, au na safari. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na mechi za Mwanza au Bukoba ziko mbali zaidi ya hapo. Timu inayofika mkesha wa mechi baada ya kulala ndani ya basi haiwezi kukimbia dakika 90 hata ikiwa na kocha bora kuliko wote nchini. Kwa hiyo tenganisheni mabao ya nyumbani na ya ugenini. Kama udhaifu wa dakika za mwisho uko ugenini pekee, swali lenu ni la bajeti ya usafiri na linamhusu mwenye timu. Kama uko pia nyumbani, kwenye Uwanja wa Sokoine, swali ni la mazoezi na linalihusu benchi la ufundi.

Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mchezaji anayetoka pwani huyahisi hayo mapema tu katika kipindi cha pili. Kwa sababu hiyo, timu ya Mbeya inayopoteza nyumbani mara kwa mara ina tatizo zito kuliko ile inayopoteza ugenini, na mimi ningeipa rekodi ya nyumbani uzito mara mbili katika barua yoyote. Hata hivyo kumbukeni masika yetu: kati ya Desemba na Aprili pichi hulowa na kuwa nzito, na timu inayocheza pasi fupi inaweza kuonekana mbovu ghafla bila mchezaji yeyote kushuka kiwango. Ndiyo maana safu ya hali ya pichi iko kwenye daftari.

Jambo jingine la kuandika ni lile lisiloonekana uwanjani, yaani mishahara. Uvumi kuhusu wachezaji kutolipwa huenea haraka, na mara nyingine ni kweli, lakini usiuandike kama ukweli. Ugeuze uwe swali. Mna sababu nzito ya kuuliza, kwa kuwa kanuni za FIFA humruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kumpa mwajiri notisi ya maandishi ya siku 15 ili alipe. Timu inaweza kupoteza nguzo zake katikati ya msimu kwa njia hiyo, na kisha ikadaiwa fidia. Deni lisipolipwa, klabu hufungiwa kusajili, na hapo hata mwenye timu akipata fedha ghafla hawezi kuingiza mchezaji mpya.

Soma kalenda kabla ya kupiga kelele

Ligi Kuu katika misimu ya karibuni imekuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30. Timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na zile za nafasi ya 13 na 14 huingia kwenye mchujo, ambapo inayoshindwa hukutana na timu kutoka Championship, ligi ya daraja la chini yake. Mbeya City iliyomaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, ikiwa chini ya Juma Mwambusi na ikitanguliwa na Azam na Yanga tu, ilishuka msimu wa 2022/23 kwa njia hiyo hiyo ya mchujo, ikishindwa kwanza na KMC kisha na Mashujaa ya Kigoma. Iliwachukua mashabiki wake hadi msimu wa 2025/26 kuiona tena Ligi Kuu. Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Azam mwezi Juni 2019, na msimu uliofuata ikashuka daraja. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa wa Bara mwaka 1986, na vijana wengi wa Rungwe leo hawajawahi kuwaona wakicheza ligi ya juu.

Kwa hiyo hoja yenu ina tarehe ya mwisho, nayo ni dirisha dogo la usajili linalofunguliwa katikati ya msimu. Baada ya dirisha hilo kufungwa, mwenye timu hawezi tena kuwapa beki wa kati mnayemlilia, na kinachobaki ni kubadilisha kocha tu, dawa ambayo hutolewa haraka kwa sababu inaonekana na watu wote. Nawashauri barua ya kwanza ifike wiki tatu au nne kabla dirisha halijafunguliwa. Mashabiki wanaosubiri hadi Aprili, wakati hesabu za pointi zimeshakuwa ngumu, hulalamika kwa uchungu mkubwa zaidi na kwa faida ndogo zaidi.

Barua yenyewe

Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye kumbukumbu namba ya tawi, tarehe, na anwani ya mtu mmoja anayetakiwa kujibu. Nakala zipelekwe kwa wengine, lakini mhusika mkuu awe mmoja, kwa sababu barua inayoelekezwa kwa wote haijibiwi na yeyote. Maneno yake yanaweza kuwa hivi:

"Ndugu Katibu, tawi letu linakusalimu na kukupongeza kwa kazi ya kuiongoza timu katika msimu huu mgumu. Sisi wanachama wa tawi tumefuatilia mechi zote za nyumbani za mzunguko huu, na tunaomba kukuletea mambo matatu tuliyoyaona. Kwanza, kati ya mabao tuliyofungwa nyumbani, zaidi ya nusu yametokana na kona na mipira ya adhabu. Orodha ya tarehe na dakika tumeiambatanisha. Pili, kwa nafasi ya beki wa kushoto timu imetumia wachezaji wanne tofauti. Tatu, tumesikia maneno mitaani kuhusu malipo ya wachezaji, na kwa kuwa hatupendi kueneza tusilolijua, tunaomba uongozi utueleze mishahara imelipwa mpaka mwezi gani. Tunaomba kukutana nawe kabla ya dirisha dogo kufunguliwa, siku na saa utakayopenda wewe."

Oneni kwamba barua hiyo haimtaji kocha. Kumtaja kocha katika barua ya kwanza humfanya katibu ajione ameitwa kumtetea au kumtoa kafara, na yote mawili yanafunga mazungumzo. Ikiwa baada ya kukutana mnaamini kwa dhati kwamba kocha hafai, ulizeni kwanza mkataba wake una muda gani na kuuvunja kutagharimu nini, kwa sababu kocha aliyefukuzwa bila kulipwa atashtaki, na fidia yake italipwa kutoka kwenye mfuko ule ule unaosubiriwa na wachezaji. Kwa timu zetu, ambazo mapato yake makubwa ya mlangoni hutegemea zaidi ujio wa Simba na Yanga, fidia moja inaweza kumeza viingilio vya msimu mzima.

Barua ipelekwe kwa mkono na igongwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Msiridhike na kuituma kwa simu ya ofisa habari.

Kwenda kuonana na uongozi

Wajumbe watano wanatosha. Mchanganyiko wao una maana: mzee mmoja anayekumbuka timu ilivyoanza, mtunza daftari, kijana mmoja anayesikilizwa na wenzake jukwaani, mama mfanyabiashara anayejua kiingilio kinavyowabana watu wa kipato chake, na katibu wa tawi wa kuandika yaliyosemwa. Mzee afungue kwa salamu na mtunza daftari aseme hoja, na wengine wanyamaze hadi waulizwe. Diwani aitwe Mheshimiwa, kocha aitwe Mwalimu, hata kama wiki iliyopita mlimwita vingine mkiwa kijiweni.

Kiongozi akisema "tuko kwenye mchakato", ulizeni mchakato huo utakamilika tarehe gani na nani anausimamia. Mkishatoka, andikeni muhtasari wa mlichokubaliana na mmrudishie nakala ndani ya siku mbili. Hatua hii ndogo ndiyo inayotofautisha kikao na mazungumzo ya barazani, kwa kuwa kiongozi aliyepokea muhtasari na asiukanushe amekubali yaliyoandikwa humo.

Jukwaani na mitandaoni

Kuzomea si kosa, na shabiki aliyelipa kiingilio ana haki ya kukasirika. Kurusha chupa, kuingia uwanjani au kumsubiri mwamuzi nje ni jambo jingine, kwa sababu Bodi ya Ligi huitoza faini klabu, haimtozi aliyerusha. Vivyo hivyo kwa mambo ya kishirikina ambayo matawi mengine hudhani yanaisaidia timu, kama kuishawishi isipite mlango rasmi au isitumie chumba cha kubadilishia nguo: klabu zimetozwa faini kwa hayo mara nyingi, na hakuna bao lililowahi kurudi.

Kususia mechi ni silaha ambayo wengi huipenda, nami siioni kuwa na makali kwa timu ya taasisi. Halmashauri au jeshi halifungi duka kwa sababu ya viingilio vya mechi moja. Wanaoumia ni wachezaji wanaocheza mbele ya majukwaa matupu. Bango moja kubwa lenye swali moja, likishikiliwa kwa utulivu upande ambao kamera zinauona, humsumbua kiongozi kuliko viti vitupu ambavyo atavielezea kwa mvua.

Mitandaoni, jiepusheni na kuandika kwamba mchezaji fulani ameuza mechi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaigusa taarifa ya uongo, na kijana aliyeandika kwa hasira usiku anaweza kujikuta polisi asubuhi. Anayeshuku kwa dhati kwamba matokeo yamepangwa, na ana jambo la kueleza zaidi ya kosa la kipa, apige simu TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haina malipo, kisha anyamaze ili wachunguze.

Wachezaji wenyewe waacheni waishi. Wanapanda daladala zile zile za Uyole na Mafiati, na wengi wao ni vijana walio mbali na wazazi. Beki aliyetukanwa sokoni Ijumaa atauogopa mpira Jumamosi.

Wasipojibu

Zikipita wiki mbili bila jibu, andikeni barua ya pili fupi inayorejea kumbukumbu namba ya kwanza, na safari hii nakala iende kwa chama cha soka cha mkoa. Kwa timu ya halmashauri, mwombeni diwani aulize swali katika kikao kijacho cha baraza, mkimpa takwimu zilizokwisha chapwa ili asilazimike kutunga chake, na siku hiyo wajumbe wawili waende wakakae kwenye viti vya wasikilizaji. Kwa klabu ya wanachama, anzeni kukusanya sahihi za kuitisha mkutano wa dharura kwa idadi inayotakiwa na katiba, na kila sahihi iandikwe pamoja na namba ya kadi. Ombi la taarifa chini ya sheria ya 2016 lipelekwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri likiwa peke yake, bila kuchanganywa na malalamiko ya soka: ulizeni kiasi kilichotengwa kwa timu katika bajeti ya mwaka huu na kiasi kilichokwisha kutolewa, kisha wekeni alama kwenye kalenda ya tawi siku ya 30 tangu mhuri ulipogongwa.